Jirani wa Ng'ambo ya Daraja

Jioni ya leo nataka tusafiri pamoja, wewe na mimi, mpaka kaskazini mashariki mwa nchi yetu ya Kenya.

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Thika na Mwingi, ukaipita nchi ya Wakamba, kisha ukaenda mwendo mrefu wa vichaka vya miiba na vumbi, wafika mto Tana. Juu ya mto kuna daraja, na ng'ambo ya daraja ni mji wa Garissa. Watu wa kule wana usemi ulionishangaza nilipousikia mara ya kwanza. Mtu akifunga safari kwenda Nairobi, au Meru, au Mombasa, husema, "Naenda Kenya." Wala hasemi kwa mzaha. Hata watumishi wa serikali waliotoka bara huambukizwa usemi huo baada ya miezi michache. Mimi nami nilijikuta nikiusema, nimesimama juu ya ardhi ya Kenya, na kitambulisho cha Kenya mfukoni.

Usemi huo una historia yake, nayo yafaa tuijue kabla ya kunena lolote kwa habari ya Kanisa kule.

Serikali ya Waingereza iliifanya nchi ile kuwa wilaya iliyofungwa tangu mwaka 1926. Mtu hakuingia wala hakutoka bila hati ya ruhusa. Wamisionari nao walizuiwa wasiende kati ya Wasomali. Wamisionari wa Kianglikana wa chama kilichoitwa BCMS walifika Marsabit mwanzoni mwa miaka ya thelathini, wakafanya kazi kati ya watu wa mlima ule, lakini upande wa Garissa, Wajir na Mandera mlango ulibaki umefungwa. Shule zilikuwa chache, na hospitali chache zaidi. Uhuru ulipokaribia, wengi wa watu wa pale walitaka kujiunga na Somalia, wala hawakukubaliwa. Vikafuata vita vya shifta, kuanzia 1963 hata 1967. Hali ya hatari ilitangazwa mwezi wa Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Hesabu mwenyewe, ndugu, ni karibu miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku zile alikua, akaoa, akazaa, asiijue serikali ila kwa sura ya askari.

Basi sisi Wakristo tulifikaje kule? Kwa sehemu kubwa tulifika pamoja na serikali. Hilo hapana budi tuliseme wazi. Walikuwa walimu, polisi, askari jeshi, makarani na wauguzi, na nyuma yao wafanyabiashara wa kutoka Mwingi na Meru na kwingineko. Jumapili walikutana penye kivuli au darasani, kisha wakajenga. Kanisa likawa mahali pa kuimba nyimbo za nyumbani na kuulizana habari za mvua ya nyumbani. Ni jambo jema mtu aliye ugenini apate ndugu. Walakini ua ulipozungushwa, ulituzunguka sisi kwa sisi, na Msomali aliyepita njiani alijua bila kuambiwa kwamba mle ndani ni mahali pa watu wa serikali.

Siwalaumu wale waliotutangulia. Nitakueleza kwa nini sina kinywa cha kuwalaumu.

Mwaka 2011, mwaka ule wa ukame mkubwa, nilikuwa kasisi kijana katika mji mdogo wa sehemu zile. Nimetoka chuo cha theolojia si zamani sana, na mafundisho ya chuo bado yako mdomoni. Kanisa letu lilikuwa na tangi la maji na mfereji mmoja ndani ya ua. Mvua ilipokosekana tulinunua maji ya lori kwa fedha ya sadaka, na bei ikapanda wiki kwa wiki. Wanawake wa bulla iliyo jirani wakaanza kuja na mitungi yao ya plastiki. Siku ya kwanza walikuja watatu. Baada ya majuma mawili walikuwa wengi kiasi cha kujaza ua. Wazee wa kanisa wakakutana, nami ndiye niliyeshika uenyekiti. Maneno yalikuwa ya busara: maji ni ya sadaka, tangi likikauka watoto wetu watakunywa nini? Tukaamua mfereji ufungwe kwa kufuli, na ufunguo nikae nao mimi.

Asubuhi iliyofuata mama mmoja mzee alikuja, akauzungusha mfereji, akaona hautoi kitu. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Padri, imeharibika?" Kule kila mtumishi wa Kanisa huitwa padri. Nikamjibu, "Ndiyo, mama, umeharibika." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Yule mama akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Pole sana, padri," akaubeba mtungi wake mtupu akaenda zake.

Alinipa pole. Jambo hilo limekaa nami hata leo.

Mwaka huo huo nilikuwa nimepewa na rafiki karatasi fulani za kusoma, habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Annalena Tonelli. Nilikuwa nimeziweka kando. Baada ya siku ile nilizisoma zote, tena kwa haya.

Annalena alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, nchi ya Italia. Alisoma sheria chuo kikuu. Unamkumbuka yule mwana-sheria wa Luka sura ya 10, aliyetaka kujua mpaka wa jirani unaishia wapi? Bwana hakumpa mpaka. Alimpa hadithi ya mtu wa njia ya Yeriko. Basi huyu mwana-sheria wa kike wa Forlì aliisikia hadithi hiyo kwa namna yake. Alikuwa tayari ametumika miaka sita kati ya maskini wa mji wake mwenyewe, ndipo akaja Kenya mwaka 1969. Alianza kufundisha shule ya Chinga, huko Nyeri, kisha karibu mwaka 1970 akaenda Wajir. Hakuwa mtawa wa shirika lolote. Hakuwa na mshahara wa misheni. Aliishi na wenzake wachache wa kike maisha ya kawaida mno, akajifunza Kisomali.

Najua wako wasikilizaji watakaouliza, mbona mchungaji wa Kianglikana atusimulia habari za Mkatoliki? Hata mimi swali hilo lilinipitia. Lakini Bwana alipotaka kuwaonyesha Wayahudi jirani alivyo, hakumchukua Mlawi, alimchukua Msamaria. Nadhani wasikilizaji wake nao walinung'unika.

Mwanzoni watu wa Wajir hawakumpenda. Angalia alivyokuwa machoni pao: kijana, mweupe, Mkristo, hana mume wala mtoto. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na maana kwao. Yeye akakaa. Akafundisha, akawahudumia vilema katika kituo alichokianzisha na wenzake, na polepole akawaelekea wagonjwa wa kifua kikuu, ambao Wasomali huuita ugonjwa wao qaaxo. Ugonjwa huo ulikuwa aibu. Mwenye nao alifichwa, au alitengwa, au aliachwa nyuma.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye fundisho ambalo sikulipata chuoni.

Kifua kikuu huponywa kwa dawa za kumezwa kwa miezi mingi. Shida ni kwamba baada ya majuma machache mgonjwa hujisikia mzima. Kikohozi kimepungua, nguvu zimerudi. Sasa mgonjwa huyo akiwa mfugaji, na mvua imenyesha mbali, na ngamia wameondoka, atafanya nini? Atawafuata ngamia. Ugonjwa utarudi, tena utarudi ukiwa umezizoea dawa, naye atawaambukiza walio naye hemani. Madaktari wengi walikata shauri kwamba wahamaji hawatibiki. Hospitali yenye kuta na vitanda ilikuwa kama gereza kwao.

Mwaka 1976 Annalena alipewa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu kifua kikuu kati ya wahamaji. Akafanya jambo rahisi. Hakumwambia mhamaji aache kuwa mhamaji. Alimwambia aje na nyumba yake. Nyumba ya Msomali mfugaji ni fito zilizopindwa na mikeka, hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia, na wanawake huisimamisha kwa muda mfupi. Basi karibu na kile kituo cha vilema wagonjwa wakasimamisha nyumba zao, kikawa kijiji, kikaitwa Manyatta ya TB. Pale mgonjwa alikaa miezi sita. Kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu, mhudumu akaona kwa hakika kwamba imemezwa. Jioni alilala kwenye mkeka wake, katika nyumba iliyokuwa na harufu ya kwao. Miezi ikiisha, akaifungua nyumba yake akawafuata ngamia, mzima.

Nchi jirani ya Tanzania nayo, karibu na wakati huo huo, daktari Karel Styblo alikuwa akijenga utaratibu wa kuwasimamia wagonjwa wa namna hiyo, kwa hiyo nisiseme kwamba yote yalianzia Wajir. Lakini kanuni ile ya mgonjwa kumeza dawa akitazamwa, Shirika la Afya Duniani lilikuja kuitangaza kwa mataifa yote katika miaka ya tisini, na manyatta ile ya mikeka imo katika historia yake.

Nami niliposoma hayo niliuwaza mfereji wetu. Sisi tuliwataka watu waingie katika ua wetu kwa masharti yetu. Yeye aliutoa ua.

Sasa nafika penye mambo mazito. Mwezi wa Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika sehemu za Wajir, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya kutafuta silaha. Waliwekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wengi wamevuliwa nguo, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja hesabu inayokaribia 1,000, na wenyeji husema ni zaidi ya hapo. Annalena hakujifungia ndani. Alikwenda na gari kuwaokota waliokuwa bado wana pumzi, na kuizika mizigo ya maiti iliyotupwa porini. Tena alisaidia majina na picha zifike kwa watu wa nje, ili mambo yale yasifukiwe pamoja na wafu.

Mwishoni mwa mwaka 2001 alitoa ushuhuda wake Vatican, na humo alieleza jambo ambalo sipendi kulisema, lakini nitalisema. Wakubwa waliomhoji na kumtisha baada ya Wagalla walikuwa Wakristo. Mmoja wao, mtu wa kwenda kanisani, alimwuliza ni nini kinachomsukuma afanye hayo. Akamjibu kwamba anafanya kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyewataka wafuasi wake wautoe uhai wao kwa ajili ya rafiki zao.

Fikiri, ndugu. Waliolala uwanjani walikuwa Waislamu, na katika wale wenye amri walikuwamo watu wenye vyeti vya ubatizo. Je, Jumapili ile ya Februari, katika makanisa yetu ya watu wa bara, ni nani aliyesali kwa sauti kwa ajili ya Wagalla? Nimewauliza wazee kadhaa waliokuwako. Mmoja tu alinijibu, akasema, "Tuliogopa, mchungaji." Namshukuru kwa kusema kweli.

Mwaka uliofuata, 1985, Annalena alilazimika kuondoka Kenya. Alikuwa amekaa Wajir miaka kama 15. Mwenyewe alisimulia kwamba mzee mmoja wa kule aliwaambia hivi: sisi Waislamu tuna imani, bali ninyi mna upendo. Akaenda Somalia, akaendelea na kazi ile ile kupitia vita na njaa, na tangu 1996 alikuwa Borama, ambako alikuwa na hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Mwezi wa Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo ya Nansen kwa kazi yake kati ya wakimbizi na waliotawanywa. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi na kuuawa palepale hospitalini kwake. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Wako watakaouliza, alihubiri lini? Alimbatiza nani? Swali hilo si la kudharau. Mimi niliwekewa mikono nihubiri, nami nitahubiri mpaka pumzi iishe. Tena sikubali kwamba matendo yatosha bila neno. Lakini nimeona kwamba kule ng'ambo ya daraja watu walikuwa wamekwisha kusikia mahubiri yetu mengine kabla hatujafungua kinywa: yaliandikwa kwa buti na kwa kufuli. Mhubiri anayefika nyuma ya hayo hana budi kukaa kimya kwa muda, akibeba maji.

Historia hii haikwenda upande mmoja tu. Jumapili tarehe 1 Julai 2012, watu waliofunika nyuso waliyashambulia makanisa mawili mjini Garissa wakati wa ibada, lile la Africa Inland Church na lile la Wakatoliki, na watu 17 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu walilaani tendo lile, wakakubaliana kuwatoa vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, na Wakristo walitengwa na wenzao kabla ya kuuawa. Tulipiga magoti na maneno hayakuja. Lakini tarehe 21 Desemba mwaka uo huo, basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu mmoja aliyekuwamo, Salah Farah, Mwislamu, alikataa kujitenga, akapigwa risasi, akafa kwa jeraha hilo mwezi wa Januari 2016. Nilipokisikia kisa hicho katika redio nilikuwa jikoni. Nikaikumbuka sauti ya yule mama mzee.

Nirudi kwa mfereji. Baada ya kusoma zile karatasi niliwaita tena wazee, nikawaeleza uongo niliousema. Nilidhani nitafukuzwa. Walinyamaza. Kisha mzee mmoja, fundi wa maji katika kazi yake ya serikali, akasema kwamba kuupitisha mfereji upande wa pili wa ukuta ni kazi ya nusu siku. Wengine walipinga, na hoja zao hazikuwa za kijinga. Fedha ilikuwa chache kweli. Tukapiga kura, ukapita kwa kura mbili. Mfereji ukatolewa nje.

Baada ya mashambulizi ya 2012 tulishauriwa tusiruhusu watu wakusanyike karibu na ukuta. Askari mmoja aliyetulinda alipinga, akasema wale akina mama humtambua mgeni kabla yake yeye. Sikuipenda sana hoja hiyo, kwa kuwa hatukutoa maji ili tulindwe. Lakini mfereji ulibaki.

Yule mama sikumwona tena. Niliuliza katika bulla, nikaambiwa watu wake walihama na mifugo iliyosalia, kuelekea upande wa mpaka. Nilipita mji ule tena baada ya miaka mingi, nikiwa safarini. Ua sasa una seng'enge juu yake, na polisi wawili langoni siku ya ibada. Nje ya ukuta mitungi ya manjano ilikuwa imepangwa kwa mstari tangu alfajiri, na kijana mmoja wa kanisa ndiye aliyeufungua mfereji. Mchungaji wa sasa alinikaribisha chai. Aliniambia kwamba kila mwaka, katika mkutano mkuu wa waumini, kuna mtu husimama akauliza gharama ya maji yale hulipwa na nani, na kila mwaka mkutano huchukua zaidi ya saa nzima juu ya jambo hilo, kisha hupigwa kura.